Kilo za Mtu wa Pili

Mkunga alitoka zamu saa moja asubuhi, na ilipofika saa tatu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja ndani ya duka la mahema, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya wodini. Usiku ule walizaliwa watoto saba, mmoja akitanguliza miguu, na yeye hakukaa kitako tangu jioni. Kiti alichokalia kilikuwa cha kuuzwa, si cha kupumzikia wateja, na kikaratasi cha bei kilining'inia kando ya goti lake. Muuzaji alimtazama usoni mara moja, akaona heri anyamaze.

Aliyemleta dukani ni mumewe. Alikuwa mpima ardhi, amestaafu tangu mwisho wa mwaka, na kazini walimwita Bwana Futi. Jina lilimkaa hasa. Hata siku ya kumuaga, mkurugenzi alijisahau akalitamka kwenye hotuba, watu wakavunjika mbavu. Bwana Futi hakuandika namba ambayo hakuipima kwa mkono wake mwenyewe. Aliwahi kurudi porini kwa miguu siku mbili nzima kwa ajili ya kipimo kimoja alichokitilia shaka, akafika akakuta kumbe kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Wenzake wanamcheka mpaka leo, na mpaka leo yeye haoni kinachochekesha.

Alipopata kiinua mgongo, watu walitegemea ajenge vyumba vya kupangisha kama wastaafu wenye akili zao. Yeye akanunua pikapu ya umeme. Gari lenyewe halina mlio, linakuja nyuma ya mtu taratibu bila mtu kujua; bibi mmoja wa jirani alishalirushia ufagio. Sasa alitaka hema la kufunga juu yake, lile la kukunjua, ukapanda kwa ngazi ukalala huko juu, pamoja na vyombo vyote vya kambi. Alitaka kurudi kwenye bonde la chumvi, mbali huko, alikoanzia kazi akiwa kijana, alione tena kabla goti lake la kushoto halijamkatalia kabisa.

Mkunga na mahema walikuwa na kesi ya zamani. Miaka kumi na tano ya mwanzo ya ndoa yao, mumewe alilala zaidi ndani ya turubai la serikali kuliko kitandani kwake. Wenzake wodini wakimuuliza shemeji yuko wapi, alijibu kwamba yuko kwa mke mwenza. Walicheka, naye alicheka pamoja nao, lakini mtoto wao wa kwanza alipozaliwa baba yake alikuwa huko huko bondeni akipima mipaka, na habari zilimfikia siku ya tisa. Baadaye Bwana Futi akahamishiwa ofisini, akawa anarudi nyumbani mapema kila siku, na hapo mambo yakageuka: mkunga ndiye akawa haonekani. Alipandishwa cheo, akakabidhiwa wodi na simu ya wodi, na tangu siku ile simu haikumpa nafasi ya kumaliza hata kikombe cha chai.

Walishapanga safari mara tatu. Mara ya kwanza muuguzi mmoja aliugua, mkunga akaitwa. Mara ya pili mifuko ilikuwa tayari mlangoni, simu ikalia. Mara ya tatu Bwana Futi alikwenda peke yake na gari lao la zamani, akalala kwenye kiti, akarudi shingo imekakamaa. Alipoulizwa kulikuwaje, alisema kulikuwa kuzuri.

Kwa hiyo asubuhi hii mkunga alikuja kwa shingo upande, lakini alikuja. Alijiambia kwamba mtu aliyekaa miezi mitatu akikokotoa mambo ya hema anastahili angalau mkewe amsindikize kwenda kulinunua. Na kwa kweli Bwana Futi alikuwa amekokotoa. Mwezi wa kwanza alitengeneza sanduku la mbao lenye ukubwa wa hema, akalifunga juu ya pikapu, akawa anazunguka nalo barabarani apime upepo unakula chaji kiasi gani. Jirani mmoja alidhani kuna msiba, akaja kutoa pole. Mwezi wa tatu akatengeneza sanduku jingine, dogo, akazunguka tena. Mkunga aliyaona masanduku yote mawili kwa nyakati zake, akitoka zamu au akienda, na hakuuliza neno. Siku hizi kuuliza kulimchosha, kwa sababu mumewe ukimuuliza hujibu kwa ukamilifu.

Muuzaji alikuwa mtu mnene, mchangamfu, ambaye wafanyakazi wake walimwita Nanga, kwa kuwa akishatua kwa mteja hang'oki mpaka mteja anunue. Ila asubuhi ile alikutana na mtu wa kiwango chake. Alikuwa na mahema mawili yaliyofungwa juu ya vyuma, yameinuliwa kimo kile kile cha paa la pikapu, ili wateja wapande wenyewe wajaribu. Moja lilikuwa kubwa, la kitambaa kizito, linalokunjuka likatoka nje ya gari upande mmoja. Jingine lilikuwa dogo, la gamba gumu, linafunguka kwa juu, na likifungwa hulala bapa juu ya paa. Nanga alianza na lile kubwa, akamwaga sifa zake zote: dirisha la juu la kutazamia nyota, godoro nene, mifuko ya viatu. Bwana Futi alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akauliza likifungwa lina kimo cha sentimita ngapi.

Nanga alitaja. Bwana Futi akatoa futi yake mfukoni akapima mwenyewe, na kimo alichotaja Nanga kikawa pungufu kwa sentimita mbili. Nanga alicheka kidogo, akafuta kijasho.

Ikaendelea hivyo kwa muda mrefu. Walipima friji ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya nyuma ya pikapu. Walipima jiko la umeme la sahani moja, kwa sababu Bwana Futi hakuona maana ya kubeba mtungi wa gesi kwenye gari ambalo lenyewe ni betri tupu. Turubai la kivuli alilikataa, kofia anayo. Kila kitu kilipelekwa kwenye mizani, bamba la chuma lililokaa sakafuni karibu na kaunta, na kila mara Bwana Futi aliinama, akasoma, akaandika kwenye daftari lake dogo la jalada jeusi. Mkunga alimtazama huku kope zikimwangukia. Miaka thelathini amepima watoto wa watu, amewalaza kwenye mizani wakilia, akasoma namba akaiandika. Aliwaza kwamba nyumba yao imekuwa ya watu wawili wanaopima vitu, na chakula wanachokula kimepoa kila siku.

Bwana Futi alipotaka kupanda ngazi kukagua hema dogo alihitaji mikono miwili, akampa daftari amshikie. Mkunga alilifungua bila nia yoyote. Ukurasa ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko ule ule wa ramani, herufi zimesimama wima:

Hema dogo 38. Godoro 4. Jiko 3. Friji na chakula 19. Maji 40. Mtu 81. Jumla 185.

Alisoma mara mbili. Mtu alikuwa mmoja. Kilo themanini na moja ni za mumewe, anazijua, ndiye anayemlalamikia kuhusu mandazi.

Iliuma. Alishangaa jinsi ilivyouma, maana mtu aliyekataa safari tatu ana haki gani ya kununa akiachwa katika ya nne? Lakini moyo haukujali haki. Alikuwa ameacha kitanda chake asubuhi ile, amekuja na miguu iliyovimba, kumbe ameletwa kushuhudia mwenzake akichagua hema la kulala peke yake. Mke mwenza amerudi, aliwaza, na safari hii amekuja na gamba gumu.

Alilifunga daftari, akaliweka juu ya friji. Kisha, kwa sababu hakutaka kulia mbele ya Nanga, na kwa sababu mgongo ulikuwa unamkatika, alivua viatu chini ya ngazi ya hema kubwa akapanda. Alisema anakwenda kunyoosha mgongo kidogo. Hakuna aliyempinga.

Mle ndani mlikuwa na joto la kitambaa na harufu ya kitu kipya. Godoro lilikuwa zuri. Nanga hakupiga chuku kwa hilo. Mkunga alilala chali katikati, kisha bila kufikiri akasogea upande wa kulia, upande anaolala nyumbani. Nafasi ya kushoto ikabaki, na ilikuwa nafasi ya kumtosha mtu wa kilo themanini na moja. Ndipo alipokumbuka sanduku la mwezi wa kwanza, lile lililomleta jirani kutoa pole. Lilikuwa sanduku kubwa.

Chini, Nanga alikuwa hajakata tamaa. Sauti yake ilipenya kwenye kitambaa kana kwamba amesimama mlangoni. Alimwambia mzee kwamba hilo dogo ni zuri, lakini ni la mtu mmoja, mwembamba, tena asiyegeuka. Akauliza mama atalala wapi.

"Mama haendi," Bwana Futi alisema.

Nadhani Nanga alikuwa anatafuta jinsi ya kuliuza hema kubwa bila kuingia kwenye ndoa ya watu, na hiyo ni kazi ngumu kwa muuzaji yeyote. Lakini Bwana Futi, ambaye hujibu kwa ukamilifu, aliendelea.

"Nimemwomba mara tatu. Kila mara anakubali, halafu anapigiwa simu, halafu ananiangalia kama mtu aliyeniibia. Sitaki tena kumwona na uso ule. Amechoka, mwanangu. Nikimwomba mara ya nne nitakuwa namwongezea mzigo."

Mkunga alisikia kila neno. Hasira ilimpanda kwanza: nani kakuambia siendi? Halafu ikashuka yenyewe, haikupata pa kusimama. Aibu ikaja, ikakaa. Akajiuliza kama kweli alitaka kwenda, akaona hata hilo hana uhakika nalo. Chumvi hakuwa na hamu nayo. Alichotaka ni mahali ambapo hakuna atakayemwita jina lake akikimbia. Alikuwa bado anaitafuta sentensi ya kumwambia mumewe pale usingizi ulipomchukua, mzima mzima, na miguu yake ya kuvimba.

Alilala labda nusu saa, labda zaidi. Aliamshwa na mlio wa simu ya wodi, mlio anaousikia hata usipolia. Mkoba ulikuwa chini na mumewe. Alisikia ngazi ikilalamika, hatua moja, kisha kimya cha goti la kushoto, kisha hatua nyingine. Zipu ikafunguka, uso wa Bwana Futi ukatokea, jasho kwenye paji.

"Ni matroni," alisema, akampa simu.

Katika mkono wa pili alikuwa ameshika viatu vyeupe.

Hakuna aliyemwambia alete viatu. Alipanda navyo kwa sababu ndivyo inavyokuwa: simu ikilia, yeye huleta simu na viatu pamoja, ili mkewe asipoteze muda. Amefanya hivyo usiku na mchana miaka nenda rudi, bila kinyongo, na mkunga hakuwahi kuviangalia viatu vile mkononi mwake. Alikuwa anavivaa tu.

Akapokea. Matroni aliongea haraka, kama kawaida, kwa sauti ya mtu mwenye mambo kumi. Mtu wa zamu ya jioni ana udhuru. Je, angeweza kurudi saa kumi? Halafu kuna wiki ya kwanza ya mwezi ujao, kuna pengo, alikuwa anafikiria amwandike yeye.

"Leo siwezi, nimelala," mkunga alisema. "Na wiki hiyo sitakuwepo. Nasafiri."

Matroni akauliza anakwenda wapi.

"Sijui bado. Mume wangu anapima."

Mkunga alijikaza asubiri lawama. Matroni akasema sawa, basi atampigia mwingine, pumzika dada, akakata. Mkunga aliitazama simu. Muda wa mazungumzo ulionekana kwenye kioo: sekunde arobaini na nane. Miaka yote ile aliamini kwamba akisema hapana wodi itaanguka, na kumbe hapana ilikuwa inachukua sekunde arobaini na nane. Hakufurahi. Alijisikia kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani toka mbali akaambiwa bomba lipo uani.

Bwana Futi alikuwa bado kwenye ngazi, ameshika viatu, uso wake hauna pa kuangalia. Alisema kwamba hakuna haja ya kufanya hivyo kwa ajili yake. Mkunga alimwomba apishe njia, anataka kushuka.

Alishuka pekupeku. Alipita karibu na jiko, karibu na madumu ya maji, karibu na Nanga aliyejitia kuhesabu vigingi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mizani akapanda juu yake. Bamba lilikuwa la baridi, na kwa nyayo zake ilikuwa raha.

"Baba watoto, njoo uandike," alisema.

Mtu mwingine angesogea haraka, angemshika mkono mkewe, angesema neno. Bwana Futi alikuja akichechemea, akapiga goti la kulia, akatoa pima maji yake mfukoni akailaza kwenye bamba kando ya vidole vya mkunga. Kitone cha hewa kikaenda pembeni. Akaomba kipande cha boksi, Nanga akakichana na kumletea, akakichomeka chini ya kona moja mpaka kitone kikatulia katikati. Hapo ndipo aliposoma.

"Sitini na saba na nusu."

Alilichukua daftari juu ya friji, lakini hakuandika kwenye ukurasa ule. Alirudisha kurasa nyuma, nyingi, mpaka za mwezi wa kwanza. Mkunga aliinama akaona. Mwandiko ule ule uliosimama wima, ila wino wake ulikuwa umeanza kufifia:

Hema kubwa 64. Godoro 7. Jiko 3. Friji na chakula 19. Maji ya wawili 80. Mtu 81. Mtu wa pili.

Mbele ya mtu wa pili hapakuwa na kitu. Na kwa sababu hapakuwa na kitu, chini hapakuwa na jumla. Ukurasa ulikuwa umekaa wazi miezi mitatu.

Mkunga akakumbuka. Mwezi wa kwanza, asubuhi moja, mumewe alimsimamisha kwenye mlango wa bafu akamwomba apande kwenye mizani mara moja tu. Alikuwa ametoka zamu. Alimjibu, baadaye.

"Si ungekisia tu," alimwambia. "Umenioa miaka mingapi? Ungeandika hata sabini."

"Nikikosea je?" Bwana Futi alisema.

Akaandika sitini na saba na nusu, akapiga mstari, akajumlisha taratibu akitembeza midomo. Akahakiki kuanzia chini kwenda juu. Kisha akakaa vile vile amepiga goti, akitazama alichokipata, na mkunga aliyemjua alijua kwamba kuna habari mbaya.

"Bondeni hatufiki," alisema. "Hema kubwa linakamata upepo sana. Tukijaza chaji kituo cha mwisho, tunaweza kwenda kilomita tisini na kurudi, si zaidi. Hapo ni kwenye kisima cha zamani."

Alilisema kama anavyosema mambo ya vipimo, bila kulalamika. Lakini bonde lile alikuwa amelitamani kwa miaka, na mkunga aliona jinsi alivyoshika kalamu.

"Hilo dogo lingekufikisha," alisema.

"Lingenifikisha."

Bwana Futi akafunga kofia ya kalamu, akaichomeka mfukoni, na ukurasa wa mwezi wa tatu haukufunguliwa tena. Baadaye kidogo akasema kwamba wakiacha friji wanaongeza kilomita tatu.

"Mbele ya kisima kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Na kisimani kwenyewe?"

"Hakuna kitu. Kimekauka."

Mkunga akafikiri. Alikuwa bado juu ya mizani, mikono imelegea, macho yamemwiva kwa usingizi.

"Hakuna mtu anayezaa?"

"Hakuna hata mbuzi," alisema Bwana Futi.

"Basi friji tubebe," alisema mkunga. "Tutaishia hapo hapo."

Nanga alikwenda kutafuta karatasi za hema kubwa, akitembea polepole ajabu kwa mtu aliyeuza. Bwana Futi alijaribu kusimama, goti likakataa, akashika mkono wa mkewe akainuka. Viatu vyeupe vilikuwa vimebaki juu kwenye ngazi, na hakuna aliyekwenda kuvichukua.